Aliyeshikilia Kiti 1B

Niliingia ofisi ya tiketi saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni. Nilikuwa na barua ya daktari, kitambulisho cha dada yangu, na karatasi yenye vipimo vya mguu wake. Sentimita tisini na saba kutoka nyonga hadi kisigino, pamoja na vyuma. Nilikuwa nimepima mara tatu kwa futi ya fundi cherehani, na dada alicheka mara zote tatu. Ndiye aliyenibandika jina la Bi Orodha. Siku hizi hata mama ananiita hivyo.

Mimi sikuwa na kicheko. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevunjika, wiki tisa bila kuunga, na sasa mfupa ulikuwa umeanza kuoza. Bingwa mmoja tu, upande wa pili wa nchi, alisema anaweza kuuokoa, naye alitupa nafasi moja: kesho alasiri. Tukiikosa, unakatwa. Kwa basi ni siku mbili, na mguu ule haukunjiki. Kwenye viti vya kawaida vya ndege haungeenea. Basi tukakubaliana ndugu wote kwamba dada asafiri daraja la biashara, ndege ya asubuhi, na mimi nikae viti vya nyuma na abiria wengine.

Hapa lazima niseme habari ya shangazi.

Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyemlea dada tangu ana miaka minne. Sitasema alikuwa mchawi, maana sikuwahi kumwona na tunguri. Nasema nilichokiona: majirani walikuwa wakimwona anakuja, wanavuka barabara. Siku anakata roho nilikuwepo chumbani. Alinyoosha mkono akamuuliza dada, kwa upole kabisa, kama anaweza kumshika. Dada akamwonea huruma. Akamwambia, "Shika, shangazi."

Akamshika kifundo cha mguu wa kushoto. Akafa amekishika. Tulimbandua kidole kimoja kimoja.

Siku ya pili baada ya mazishi, dada alianguka kwenye sakafu kavu, tambarare, mguu ukavunjika mahali palepale. Mama aliposimuliwa habari ya ule mkono alikaa chini. "Angemkatalia," alisema. "Wifi yangu hachukui kitu mpaka apewe."

Ofisi ilikuwa chumba kimoja: kaunta moja, stuli moja ya mteja, feni iliyokuwa ikilalamika, na ndege ndogo ya plastiki yenye bawa lililogundishwa. Wakala alikuwa mwanaume wa makamo, miwani kaipandisha kichwani. Alisoma barua ya daktari, akatikisa kichwa kwa huruma, akanigeuzia skrini.

Mbele kabisa ya ndege palikuwa na viti vinane, viwili viwili kila upande wa njia, vyote kijani. Nikachagua 1A. Dirishani, kushoto, ili mguu uelekee ukutani na mtu akipita asiugonge. Akabonyeza. 1A ikawa nyekundu.

Papo hapo 1B, cha ubavuni, ikawa njano.

Nikauliza njano ni nini. Akanieleza kwamba kuna mtu amekishikilia kiti, ila hajakilipia. Akija kulipa kabla ya saa moja kamili, ni chake. Asipokuja, mashine inakiachia yenyewe. Kabla ya hapo hata yeye wakala hawezi kukigusa.

Nilimwomba ampeleke dada 2A.

Njano ikahamia 2B.

Wakala alishusha miwani, akasogelea skrini. Akajaribu 1D, upande wa pili kabisa. Njano ikavuka njia, ikakaa 1C. Akarudi 1A, na njano ikarudi 1B, kama mbwa anayemfuata mwenyewe. "Hii mashine nayo," alisema, lakini sauti yake haikuwa na uhakika.

"Nani amekishikilia?"

Hakupaswa kuniambia. Aliniambia. Alisoma majina matatu, taratibu.

Nayajua majina yale. Niliyaandika kwa mkono wangu, rangi nyeusi, kwenye kibao cha kaburi.

Niliangalia saa ya ukutani. Kumi na mbili na dakika thelathini na sita. Nje taa za barabarani zilikuwa zinaanza kuwaka. Ndipo mlango ukafunguka nyuma yangu.

Hatua moja. Kisha kitu kikiburutwa.

Hatua... kuburuta.

Harufu ikanifikia kwanza. Dawa ya kuchua. Kafuri. Na udongo uliochimbuliwa leo leo.

"Mwanangu," ilinong'ona sauti karibu na sikio langu, "nipishe. Nalipia tu, naondoka."

Mimi ni mwoga. Nikifunga mlango narudi mara tano kuhakikisha nimefunga. Mwili wangu wote ulitaka kuteremka kwenye stuli ile, useme samahani, ukimbie. Lakini nilimkumbuka dada yangu, miaka thelathini na mmoja, akijifunza kupanda kitanda kwa makalio. Woga ukageuka ukawa hasira. Mguu ni wake. Ameuazima kwa nani?

"Bado sijamaliza," nilisema bila kugeuka. "Nimetangulia mimi."

Nikakunjua karatasi yangu mbele ya wakala, nikaanza kuuliza.

Nilimuuliza kiti cha mbele kinalala nyuzi ngapi. Nilimuuliza kutoka mgongo wa kiti hadi ukuta wa mbele ni sentimita ngapi, na alipojibu kwamba ni nyingi nilimwambia nyingi si kipimo, atafute. Akatafuta. Nikauliza kama mkono wa kiti unanyanyuka, kama mkanda unarefushwa, kama choo cha mbele mlango unafungukia ndani au nje. Nikauliza chakula kinaletwa kabla au baada ya mawingu. Nikamrudisha kwenye mizigo, kisha kwenye kiti cha magurudumu: nani anakisukuma, anakifikisha wapi, na kama kuna ngazi, nani ananyanyua.

"Dada yangu," wakala alisema, "hii safari ni ya saa moja na dakika arobaini. Huhamii huko ndani."

"Najua. Na mapazia?"

Nyuma ya shingo yangu kulikuwa na pumzi. Nilichukua muda kuelewa kilichonitisha. Pumzi ile haikuwa ikitoka. Ilikuwa ikiingia tu. Ikiingia... ikiingia... nywele za kisogoni zikivutwa nayo.

Kumi na mbili na dakika hamsini na tatu.

Kidole kimoja kiliegemea bega langu. Baridi yake ilipita kwenye blauzi hadi mfupani. "Nipishe, Bi Orodha. Mimi ndiye niliyemlea."

"Ulimlea," nikasema. "Asante. Sikupishi."

Wakala aliinua uso, akauliza kama namwambia yeye. Nikamwambia nauliza kama kuna mto wa ziada wa kuweka chini ya kisigino. Alijibu upo. Nikauliza rangi yake. Aliniangalia kama mtu anayetafakari kuacha kazi.

Kwa dakika saba sikumbuki nilichouliza. Nakumbuka mikono yangu ilivyokamata ukingo wa kaunta, na stuli ikivutwa nyuma taratibu, miguu yake ikikwaruza vigae. Nilijikaza. Nilisukuma magoti dhidi ya mbao nikaendelea kusema, nikaendelea kusema, hata maneno yakawa hayana maana.

Saa moja kamili.

Njano ikazimika. Kijani.

"Hicho niwekee mimi," nilisema.

Wakala aliandika jina langu, nikalipa kwa simu, mashine ikatoa tiketi mbili. Nilipogeuka hapakuwa na mtu. Kwenye vigae palikuwa na alama za maji hadi mlangoni: unyayo mmoja wa kulia, na kando yake mchirizi mrefu. Wakala alizitazama muda. Akasema alidhani yule mama tumekuja pamoja, ndiyo maana hakumkaribisha.

Asubuhi dada alinyanyuliwa hadi 1A, mguu ukaenea ukabaki na nafasi ya kiganja. Nilikaa 1B, nikafunga mkanda. Sikuwa nimemwambia kitu. Alikuwa akimtania mhudumu kwamba amesindikizwa na afisa usalama.

Mhudumu alihesabu watu wa mbele. Akahesabu tena. Akaangalia orodha yake, akahesabu kwa kidole.

"Orodha inasema wanne," alimwambia mwenzake kwa sauti ya chini. "Mimi napata watano."

Kafuri.

Ilitokea nyuma ya pazia linalotugawa na abiria wengine. Chini ya pazia niliona wayo mmoja, na kitu cha kijivu kando yake ambacho sikukitazama mara mbili. Nilimshika mhudumu mkono. Nilimwambia, kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua, "Usihesabu vichwa. Kagua tiketi. Asiye na tiketi ashuke."

Akaniangalia. Akaenda nyuma ya pazia. Nilisikia akisema kwa adabu, "Mama, naomba nione tiketi yako." Akarudia. Kisha hatua moja kwenye ngazi ya mlango wa nyuma... na kuburuta. Hatua... kuburuta. Hadi chini.

Mlango wa ndege ukafungwa. Mhudumu aliporudi hakuwa na rangi usoni, naye hakuniambia alichokiona. Sikumuuliza. Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kutouliza.

Ndege ilianza kusogea. Nikajiegemeza. Tumekuacha, nilimwambia shangazi kimoyomoyo. Tumekuacha, mchana kweupe, na mguu tunao.

"Bi Orodha," dada alisema. Alikuwa ameegemeza paji la uso dirishani. "Pale kwenye lami. Si shangazi yule?"

"Usiangalie."

"Anatabasamu. Maskini, anachechemea. Ananipungia mkono."

"Usimpungie. Dada, unanisikia? Usimpungie."

Aligeuka. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na mkono wake wa kushoto ulikuwa bado uko juu, vidole vimetanuka.

"Mbona nimeshampungia."

Niliukamata mkono ule kwa mikono yangu miwili. Ulikuwa baridi hadi kiwikoni, na ulikuwa ukivutwa, polepole, kuelekea kwenye kioo. Ndege ikakimbia, ikainuka, ardhi ikadidimia, na bado ulikuwa ukivutwa. Nikaegemeza mguu wangu kwenye ukuta wa mbele, nikauvuta kwangu.

Saa moja na dakika arobaini. Chakula kikaja, kikaondolewa. Sikuuachia.