Asmini kwenye Kola

Shati la mume lilikuwa limetoka kupigwa pasi, bado la moto, na tayari kola ilinukia asmini. Mke wa meneja wa benki hajawahi kupaka asmini maishani mwake. Wivu ukampanda kabla ya hofu, na hapo ndipo alipokosea, maana mke mwenziwe hakuwa mtu.

Jioni alimsikia mumewe bafuni akicheka na mwanamke. Akasukuma mlango. Mume alikuwa peke yake, povu mwilini, ila miguuni pake zilianzia nyayo mbichi, nyembamba, za kike, zikapita ukumbini, zikaingia chumbani, zikakoma kitandani upande anaolala yeye mke, na mto wake ulikuwa umebonyea, na pale palipobonyea palikuwa pakipumua.

Akaitwa mganga, mama mnene mwenye kikohozi.

"Aliingia lini jini huyu?"

"Baada ya ile faini," mke alinong'ona.

Wastaafu waliuziwa mpango wa akiba ambao meneja alijua umeoza. Benki ikatozwa faini. Yeye akapandishwa cheo.

"Baba, sema ni wewe uliyewadanganya. Atatoka."

Meneja alitazama viatu vyake. "Ilikuwa benki. Mimi mwajiriwa tu."

Sauti ya kike ikacheka ndani ya kifua chake. "Mwenye nyumba hii kaikana, kasema si yeye. Mnanitoa kwa haki gani?"

Mganga akafunga mkoba. "Mwanangu, hapa sina dawa."

Mke aliumia. Angekuwa mwanamke mwenzake, angegombana naye. Huyu hana hata nywele za kushika. Kesho yake akaenda kwa wapelelezi wa kesi ya wastaafu.

"Acheni kuhangaika na benki," aliwaambia. "Mtu wenu yuko kwangu. Nilimsikia kwenye simu akiwacheka wazee wale."

Alijua atamkosa mumewe. Afadhali amkose, mradi na yule mwingine amkose.

Meneja alipokamatwa alilia, akakiri. "Ni mimi." Siku mke alipomtembelea gerezani, mume alinuka jasho tupu, naye akaivuta harufu ile kwa raha.

Akapitia benki kuchukua vitu vya mumewe. Kiti cha meneja kilikaliwa na aliyekuwa msaidizi wake, ambaye naye aliwauzia wastaafu wale wale.

"Pole, shemeji," alisema. "Ni benki iliyoteleza. Sisi wengine tulifuata maagizo tu."

Mke wa msaidizi huyo alikuwa amemletea chakula. Alisimama nyuma ya kiti, ameinamia kola ya mumewe, ananusa, uso umemkunjamana.