Kompyuta ya Agness Iliyogoma Kufunguka

Siku za likizo, baada ya kuteka maji na kufagia uwanja, Celestina alikuwa na starehe moja ya siri. Alikuwa mwanafunzi wa darasa la sita huko Ruhembe, na nyumbani kwao hapakuwa na televisheni. Kila dada yake Agness alipotoka, aliifungua kompyuta mpakato ya dada huyo akatazama filamu. Rafiki yake Upendo alimwazima flashi iliyojaa filamu, naye akazihamishia zote kwenye kompyuta ile kuukuu.

Agness alikuwa mwaka wa mwisho chuoni. Kwa miezi mingi alizunguka kwa baiskeli vijiji vya Ulaya, kata ya huko huko mkoani Morogoro, akiwahoji wanawake kuhusu visima vinavyokauka, na yote waliyomwambia aliyaandika humo. Ripoti yake ilikuwa karibu kukamilika. Alimwomba mdogo wake asiiguse kompyuta hiyo kabisa mpaka aitume.

Siku moja Agness alikwenda gulioni. Celestina akaiwasha kompyuta. Ujumbe ukatokea ukimtaka akubali kusasisha mfumo. Hakuusoma, aliona unamchelewesha tu, akabonyeza kukubali. Kioo kikaandika kwamba kazi inaendelea na kompyuta isizimwe. Asilimia zikapanda hadi thelathini, zikaganda hapo. Alisubiri, akasubiri. Aliposikia sauti ya Agness akisalimiana na jirani, alibana kitufe cha kuzimia mpaka kioo kikawa cheusi. Kisha akatoka nje kuchambua mchele kama mtu asiyejua lolote.

Jioni Agness alipoiwasha, vidoti vyeupe vilizunguka, kompyuta ikajizima, ikajiwasha, vidoti vikazunguka tena. Akachomoa chaji, akachomeka. Hali ikawa ile ile. Mwishowe alikaa sakafuni akajifunika uso kwa kitenge. Mama yao, Magreti, aliuliza kama kuna mtu aliyeigusa. Celestina akasema hapana. Neno lilimtoka kwa wepesi, lakini ugali wake aliuacha sahanini.

Kesho yake mama alimtuma amsindikize dada yake Mikumi, kwa fundi Filomena, mama wa makamo aliyetengeneza kompyuta karibu na stendi. Walimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza tatizo lilivyoanza. Agness akasema kompyuta iligoma yenyewe. Fundi aliitazama ikijizima na kujiwasha, akatikisa kichwa. Alihofia diski imechoka na inakufa. Kama ndivyo, kila ikiwashwa ingeweza kuharibu ripoti zaidi. Njia salama ilikuwa kuipeleka Morogoro, kwa wenye vifaa vya kuokoa mafaili, na huko wangengoja kama wiki nzima.

"Ripoti inatakiwa kesho," Agness alisema kwa sauti iliyokauka. "Basi mwaka wangu umepotea."

Celestina alimtazama dada yake. Alitaka kusema, akasita. Aliona wazi kwamba akisema atachukiwa, na asiposema dada yake ataangamia huku yeye anatazama. Fundi alikuwa ameshaanza kuifunga kompyuta kwenye boksi.

"Haikugoma yenyewe," Celestina alisema, machozi yakimtiririka. "Nilikuwa natazama filamu. Nilikubali kusasisha, ikakwama, nikaizima kwa nguvu niliposikia dada anakuja."

Agness alimtazama, kisha akageuzia uso wake barabarani. Celestina aliona afadhali angepigwa.

"Filamu nyingi?" fundi aliuliza.

"Nyingi. Nilizihamishia zote humo."

Fundi Filomena akaitoa kompyuta kwenye boksi. Alieleza kwamba masasisho huhitaji nafasi, na kama filamu zilijaza diski, ndiyo sababu yalikwama. Kisha kompyuta ilizimwa kazi ikiwa katikati, ndiyo maana haikuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma. Huenda diski ilikuwa nzima.

Aliiwasha kwa kutumia flashi yake ya ufundi. Majina ya mafaili yakajitokeza polepole, na Agness alipoliona jina la ripoti yake alilia kwa sauti. Fundi aliinakili kwanza mahali pengine, ndipo akafuta filamu na kuyaondoa masasisho yaliyokwama. Kompyuta ikaanza kurudisha mfumo wa zamani. Aliwakataza wasiiguse hata ikionekana imelala. Walikaa chini ya bati lililowaka jua, vidoti vikizunguka. Hatimaye kioo kikafunguka.

Agness alipokwisha kumalizia kurasa za mwisho na kuituma ripoti, fundi alimgeukia Celestina.

"Mwanangu, kompyuta haina mdomo. Ungenyamaza, ningetibu ugonjwa usiokuwepo, na dada yako angekosa ripoti yake. Kuizima ulifanya kwa hofu, lakini kuficha ulichagua mwenyewe. Ukikosea, sema mapema, watu wapate pa kuanzia kukusaidia. Nawe Agness, kazi ya mwaka mzima usiiweke mahali pamoja tu."

Wakiwa njiani kuelekea stendi, Celestina aliomba msamaha.

"Nitakusamehe," Agness alisema. "Leo bado nina hasira. Ila twende, ukamwambie mama mwenyewe."

Na walipofika nyumbani, kabla hata ya kuvua viatu, Celestina alimwambia mama yote.