Mafundi Walioamshwa na Joto

Nyumba yangu ina mafundi wengi, lakini hawaamki mpaka joto liwaguse. Ni nini? Msinijibu haraka. Hata mjukuu wangu Chinami, nilipomtegea kitendawili hiki asubuhi moja ya Agosti, alimaliza supu yake ya miso bila jibu.

"Bibi, nipe muda."

"Chukua. Nina miaka themanini na moja, sina haraka."

Likizo ya kiangazi kila mwanafunzi hapa mjini kwetu Kumamoto hufanya utafiti wake. Chinami alimfuata shangazi yake, binti yangu Fumie, kwenye maabara. Fumie hufuga minyoo wadogo mno, apate kujua kwa nini wazee wengine hubaki na akili kali na wengine husahau hata majina ya watoto wao. Minyoo waliopewa dawa mpya walikaa katika kabati dogo la baridi, wasiopewa katika kabati kubwa.

Shuleni Chinami ni kiranja wa umeme. Akikuta swichi imewashwa bure, huizima. Mchana ule, wakienda kula, akazima zote za karibu na mlango, na ya kabati dogo ikiwemo. Aliporudi, kabati lilikuwa na joto. Akaliwasha upesi, asimwambie shangazi yake.

Kesho yake Fumie aliwatia minyoo wote kwenye joto kali. Baada ya saa kadhaa, wa kabati kubwa walikuwa wamekufa, wamenyooka kama vijiti. Wa kabati dogo walikuwa wakijinyonganyonga.

"Dawa imefanya kazi," Fumie akasema polepole, akaketi. "Miaka minne, Chinami. Leo nawaandikia wenzangu wote."

Chinami akamsogelea. "Shangazi, usiandike. Jana nilizima kabati dogo. Niliogopa utanifukuza."

Fumie akainuka kitini. "Ningeituma hiyo barua, ningefukuzwa mimi."

Wakachukua minyoo wengine, wasio na dawa, wakawapasha joto dogo kama la siku ile. Saa chache baadaye Chinami akainamia hadubini. Gizani, minyoo waliwaka kijani, mmoja baada ya mwingine, kama vimulimuli mtoni. Alisahau hata kupumua.

"Ndani ya kila seli," Fumie akasema, "protini zimekunjwa kama korongo wa karatasi. Joto likizikunjua, hugandana. Hizo zinazowaka, tulizozitia alama ya kijani, ni protini saidizi, huzikunja upya. Joto dogo liliziamsha. Joto kali likazikuta kazini. Uzeeni saidizi hizo hupungukiwa nguvu, na protini zilizogandana hurundikana ubongoni."

"Hata kwa Bibi?"

"Hata kwake. Ila kwa vile vitendawili vyake, zake bado zina bidii." Akamshika bega. "Dawa tutaijaribu upya, makabati yakiwa sawa. Nawe kumbuka: kosa ulilolisema mapema tumelinyoosha. Ungelificha, lingegandana na mengine."

Jioni nilikuwa ndani ya maji ya moto mpaka kidevuni, mlango wa bafu ukasukumwa.

"Bibi," Chinami akasema, macho yamemtoka, "nyumba ni seli. Mafundi ni protini saidizi, na sasa hivi joto linawaamsha ndani yako."