Mama Mikate na Kozi ya Familia Nzima

Mimi na akina Fundi tumetenganishwa na ukuta mmoja tu. Wakicheka, nasikia. Wakinuniana, ule ukimya nausikia pia.

Fundi ni fundi bomba. Mke wake anaoka mikate kiwandani, na mtaa mzima unamwita Mama Mikate. Wanaishi na binti yao wa sekondari na mama mzazi wa Fundi, ambaye sote tunamwita Bibi. Ni watu wa kushikana hao! Akiugua mmoja, wote hawali. Bomba la jirani likipasuka, hata Bibi anataka kushika spana.

Mama Mikate alimaliza sekondari ukubwani, katika darasa langu la watu wazima. Nasema langu, na sioni haya kujisifu. Baadaye chuo kimoja kikampokea katika kozi ya mtandaoni: utangulizi wa uchumi jumla. Huo ni uchumi wa nchi nzima: bei, ajira, riba, pato la taifa. Sharti lilikuwa moja. Akifaulu kozi hiyo, anaingia diploma. Akishindwa, nafasi anapewa mwingine. Na diploma hiyo aliitaka kwa moyo wake wote.

Basi, kila Ijumaa jioni kulikuwa na jaribio. Hapo ndipo ungewaona! Meza inafutwa, kompyuta inawekwa katikati, wote wanajipanga.

"Swali la kwanza," binti anasoma. "Ukosefu wa ajira unapimwaje?"

"Ngoja, natafuta kwenye simu," anasema Fundi.

"Jibu la tatu," anasema Bibi.

"Mama, hata majibu yenyewe hujayasikia!"

"La tatu huwa na bahati."

Mama Mikate anabonyeza tu. Alama zikija juu, ni vigelegele. Fundi anatoka nje na kumtangazia kila anayepita: "Wiki hii tumepita tisini!" Mimi huku ukutani nilidhani wanafanya mazoezi.

Kisha ukaja mtihani wa katikati ya muhula. Huo haukuwa wa kujipanga mezani. Mtu anakaa peke yake chumbani, mlango umefungwa, na msimamizi anamwangalia kupitia kamera. Mama Mikate akakaa. Akasoma swali la kwanza. Akalisoma tena. Maneno yote aliyajua kwa sura tu, kama watu unaopishana nao njiani. Hakuna hata moja aliloweza kulieleza.

Alipata alama za chini mno. Alilia sana siku hiyo.

Fundi akawaka. "Wamekuonea, mke wangu! Mtihani wa mwisho tutajipanga vizuri. Mimi nitajificha nyuma ya pazia."

"Na mimi nitakohoa," Bibi akasema. "Mara moja, jibu la kwanza. Mara mbili, jibu la pili. Nani atamkataza mzee kukohoa?"

Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikapiga hodi, nikaingia.

"Jamani, kuta zina masikio, na masikio yenyewe ndiyo haya yangu," nikasema. "Bibi, kikohozi chako hicho kitamfukuzisha mkweo chuoni! Huo ni udanganyifu."

Mama Mikate akafuta machozi.

"Mwalimu, nisaidie. Video zote za masomo nimeziangalia. Nakosea wapi?"

"Uliziangalia vipi?"

"Nimejilaza kwenye kochi, nimetoka kazini nimechoka. Kama tamthilia tu."

"Haya, niambie. Mtu akikukandia unga kila siku, wewe utajua kukanda?"

"Wapi! Mpaka mikono yangu iingie."

"Basi na kichwa ni hivyo hivyo. Jaribio la kila wiki linakuonyesha usichokijua. Ukikosa, umejua pa kurudia. Hawa wakikujibia, wanakuficha upungufu wako mpaka siku ya mtihani."

Fundi akainamisha kichwa. "Tulitaka kumsaidia, Mwalimu."

"Najua, na mtamsaidia sana. Mpeni saa moja yake kila siku. Asiitwe, asiulizwe chumvi iko wapi. Na wewe, Mama Mikate, tazama kipande kifupi cha somo. Simamisha. Kieleze kwa maneno yako mwenyewe, kwa sauti. Ukikwama, rudia. Fanya zoezi kabla ya kutazama jibu. Usichoelewa, mwandikie mkufunzi wa kozi. Yupo kwa ajili hiyo."

"Na mimi?" Bibi akauliza. "Nikae tu kama gogo?"

"Wewe una kazi kubwa, Bibi. Wewe ni mwanafunzi wake. Akueleze kila alichosoma. Usipoelewa, mbane."

Lo! Bibi alibana kwelikweli.

"Pato la taifa," Mama Mikate alianza jioni iliyofuata, "ni thamani ya bidhaa na huduma za mwisho zinazozalishwa nchini kwa mwaka. Mkate unahesabiwa. Unga unaonunuliwa na kiwanda chetu hauhesabiwi."

"Hauhesabiwi? Kwa hiyo mwenye kinu kafanya kazi bure?"

"Hapana, mama. Bei ya unga imo ndani ya bei ya mkate. Ukihesabu unga, kisha ukahesabu mkate, unga umeuhesabu mara mbili."

"Haya. Na unga ninaonunua mimi nikapika hapa nyumbani?"

Mama Mikate akapekua daftari lake mara mbili. Fundi akachomoa simu mfukoni.

"Weka hiyo simu!" Bibi akafoka. "Nimemuuliza yeye!"

Mama Mikate akamwandikia mkufunzi. Kesho yake jibu likaja. Unga wa Bibi unahesabiwa, kwa sababu Bibi ni mtumiaji wa mwisho. Anaupika na kuula, haundi kitu cha kuuza. Mama Mikate aliposoma hivyo alijipiga paja.

"Kumbe lazima uangalie nani anaununua, na anaununua wa nini!"

Ijumaa akafanya jaribio peke yake. Akapata hamsini na kitu. Fundi akashika kichwa.

"Tumeporomoka!"

"Hizi ni zangu," mke wake akamjibu. "Zile za mwanzo sijui zilikuwa za nani."

Akarudia kila alipokosa. Alama zikaanza kupanda, polepole, kwa jasho lake. Binti akachukua kazi ya kufua. Fundi akajifunza kupika. Wali uliungua, wakaula hivyo hivyo. Bibi naye akawa hakamatiki. Mama mmoja alilalamika sokoni kwamba nyanya zimepanda bei, eti mfumuko umezidi. Bibi akamkatiza.

"Nyanya peke yake si mfumuko wa bei, mwanangu. Mfumuko ni bei za vitu kwa jumla zikipanda na kuendelea kupanda. Kama hujaridhika, muulize mkwe wangu."

Siku ya mtihani wa mwisho, wengine wote walihamia kwangu, wakamwachia nyumba. Fundi hakunywa hata chai.

"Naogopa, Mwalimu," akasema. "Nafasi hii ikimpotea, ataumia sana."

"Tulia. Ukuta huu naujua. Angekuwa anahangaika, tungesikia kiti kikilia."

Muda ulipoisha, Mama Mikate akaja kwangu. Shingo ilikuwa imelowa jasho, lakini alitembea amenyooka.

"Kuna maswali mawili yamenishinda," akasema. "Mengine yote nimeyajibu nikijua kwa nini."

Matokeo yalikuja jioni moja akitoka kazini, bado ana unga kwenye nywele. Aliyasoma amesimama mlangoni. Alikuwa amefaulu, na nafasi ya diploma ilikuwa yake. Bibi akamshika mashavu kwa mikono miwili.

"Mimi sikukuzaa," akasema, "lakini leo najivuna kama niliyekuzaa."

Mimi machozi yalinitoka, sifichi. Fundi alikuwa ameshafika barabarani. Jirani wa upande wa pili akamwita.

"Vipi, Fundi, mmefaulu?"

"Tumefaulu wapi! Sisi tulikuwa kwa Mwalimu tunatetemeka. Aliyefaulu ni mke wangu, peke yake, kwa akili zake mwenyewe!"