Mayai ya Bata Chini ya Kuku

Ko. Ko-ko. Kisha kimya.

Kulikuwa bado giza Daktari alipousikia mlio huo ukitoka kwenye tenga lililokuwa nyuma ya mlango wa jikoni, mlio mdogo kama ukucha unaogonga kikombe. Hakuwasha taa. Alipiga magoti, akatia mkono taratibu chini ya kuku, akatoa yai moja lenye joto na kuliweka sikioni. Kuna mtu alikuwa anabisha hodi, ila huyu alibisha kutoka ndani.

Hakuwa daktari hasa, alikuwa mwanafunzi wa darasa la sita. Jina hilo alipachikwa na mdogo wake, na mtaa mzima ukalidaka. Akichinjwa kuku nyumbani, yeye ndiye wa kwanza kupasua firigisi ili aone vijiwe vinavyosaga nafaka. Samaki akiletwa, humfunua mashavu atazame anavyopumua. Chini ya kitanda alikuwa na kopo la mifupa: bawa la kuku, mguu wa sungura, taya la mbuzi. Akiipanga sakafuni atakuonyesha kwamba hata bawa lina kiwiko, kama mkono wako. Mama yake, fundi cherehani, alimwachia mifupa yake kwa sharti moja tu: anawe mikono kwa sabuni kabla hajagusa kitambaa cha mteja.

Kwa hiyo mwalimu wa sayansi alipotafuta mwanafunzi wa kuatamishia mayai, ili darasa lione jinsi wanyama mbalimbali wanavyokua, Daktari alisimama kabla swali halijaisha. Kuku wao alikuwa ndiyo kwanza ameanza kulalia mayai yake. Mwalimu akampa mayai manne ya bata ayachanganye na yale, akaanza kumweleza tofauti zao. Daktari akamkatiza.

"Mwalimu, mayai nayajua. Nimekua na kuku."

Darasa lilicheka, naye akaona fahari. Mwalimu alipoendelea kueleza, yeye alishakuwa anayaviringisha mayai kwenye sweta lake, masikio yako kwingine.

Asubuhi hiyo ya hodi, vifaranga walitoka mmoja baada ya mwingine, wamelowa kama waliotumbukia kisimani. Kesho yake kuku akawaongoza uani kuwafundisha kuparua. Daktari aliporudi kutoka shule, alikuta tenga limebaki na mayai manne ya bata peke yake, yanaanza kupoa. Alilitikisa moja. Hakusikia kitu.

"Daktari, wagonjwa wako hawaitiki," mdogo wake alimtania. "Au uliwapa dawa za kulala?"

Alijua la kufanya, maana aliliona mara nyingi. Kuku akishaondoka na wanawe, yai linalobaki ni viza, na viza likipasukia ndani, nyumba haikaliki. Akayatia mayai kwenye bakuli, akaenda nayo peke yake kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba. Akaziba pua, akaligonga la kwanza kwenye jiwe.

Hakukuwa na uvundo. Gamba lilifunguka, na kiganjani mwake akadondoka kifaranga wa bata, amejikunja, kichwa kimelala ubavuni. Macho yalikuwa yamefumbwa. Mguu mmoja ulijinyoosha polepole, vidole vikatanuka, na katikati yake ilikuwepo ngozi nyembamba ya kuogelea. Kifua kikapanda, kikashuka. Kikapanda tena. Halafu hakikupanda.

Daktari alikaa pale muda mrefu. Mwisho akamfunika kwa udongo kidogo, akarudi ndani na yale matatu, akaliweka bakuli sakafuni karibu na mlango.

Mama, akiwa kwenye cherehani, aliuliza habari za mayai.

"Ni viza."

"Yote?"

"Yote, mama."

Mama aliamini. Katika mambo ya kuku, binti yake hakuwahi kumwambia lisilo kweli. Akasema wayatupe asubuhi, akaendelea kushona. Kuaminiwa huko kulimchoma Daktari kuliko kofi.

Jioni walipoketi kula, Daktari akawa anawaza. Kama yule wa kwanza alikuwa hai, wale wengine je? Walikuwa pale mlangoni, kwenye bakuli la bati, wanapoa. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Watakufa kimyakimya na jina lake litabaki. Akisema, huenda wakapona, lakini yeye hatakuwa Daktari tena. Alimtazama mdogo wake akilamba vidole, akalitazama bakuli.

"Mama, nimekudanganya. Nililipasua moja. Kulikuwa na bata, na alikuwa anapumua."

Mama aliweka chakula chini. Hakufoka. Alichukua tochi, akazima taa, akaliweka yai moja juu ya mwanga. Yai likang'aa upande wa juu tu. Chini lilikuwa jeusi tii. Wote watatu wakasubiri. Ukingo wa ule weusi ukatikisika, kama mtu anayejigeuza chini ya blanketi.

"Huyo hajalala," alinong'ona mdogo wake.

La pili nalo lilitikisika. La tatu lilikuwa na majimaji yanayoyumba tu, wala hakuna mtu ndani. Hilo lilikuwa viza kweli.

"Bata mimi simjui," mama alisema. "Nitampigia mwalimu, na utamweleza mwenyewe."

Daktari alieleza kwa sauti iliyokatikakatika, bila kuacha kitu. Upande wa pili mwalimu akamwambia yale ambayo siku ile hakuyasikiliza: kuku huangua kwa wiki tatu, bata huchukua wiki nne. Usiku huo ayarudishe chini ya kuku anapowafunika wanawe, na mchana ayape joto la taa na unyevunyevu. Na yule aliyekufa, akasema, asimtupe. Amletee.

Wakatoka na tochi wakamfukua. Mama alimfuta udongo kwa kipande cha kitambaa cheupe, akamwonyesha binti yake ncha ndogo ngumu juu ya mdomo wa kifaranga. Ncha hiyo ndiyo angebishia hodi. Alikuwa hajaitumia.

Daktari alilia. Mama akamwacha alie, ndipo akasema, "Mwanangu, kujua si kosa. Kosa lako ni kumpima bata kwa kipimo cha kuku, ukakataa kuuliza. La pili ni kunyamaza. La kwanza limetunyang'anya mmoja. La pili lingewamaliza wote. Hawa wawili watatoka kwa sababu umesema kweli ingali mapema."

Tangu kesho yake, taa ya cherehani ilihamia kwenye boksi lenye kitambaa kibichi, na mama akawa anashonea dirishani kwa mwanga wa jua. Daktari aliyageuza mayai kila alipoambiwa, mpaka alipoambiwa aache. Alfajiri moja ikasikika tena kutoka kwenye tenga: ko, ko-ko. Safari hii alimwamsha mdogo wake, wakakaa wote wawili wakisikiliza, na hakugusa kitu.

Siku ya somo, meza ya mwalimu ilijaa. Kulikuwa na mifupa ya kwenye kopo, kifaranga wa kuku mwenye vidole vya kuparua, na bata wawili wa manjano wenye makasia miguuni, wakipiga kelele kama wenye nyumba. Pembeni ilisimama chupa ya kioo yenye spiriti, na ndani yake bata mdogo amejikunja, vidole vimetanuka. Wanafunzi walisogea. Waliona ngozi ya kuogelea ilishakamilika kabla hajaona maji. Kisha mmoja akauliza huyu alitoka wapi, mbona hakukua kama wenzake.

Mwalimu alimtazama Daktari, akarudi nyuma hatua moja.

Daktari alifuta viganja kwenye sketi, akasimama wima.

"Huyu nilimuua mimi, kwa kumhesabia siku za kuku."