Uzi Kwenye Mpira wa Moshi

Kila Jumamosi, Zornitsa alifuatana na mama yake, Radosveta, kwenda kwenye karakana yao mjini Ruse. Kazi zake alizijua: kufagia, kuchemsha chai, na kutogusa mashine. Hiyo ya tatu ndiyo iliyomshinda, maana mikono ya msichana yule haikuwa na adabu.

Jumamosi hiyo ilikuwa tarehe mosi Machi. Mji mzima ulivaa martenitsa, uzi mwekundu na mweupe uliosokotwa pamoja, ambao watu hufungiana mkononi kutakiana afya. Wengine huufunga hata kwenye miti ya matunda na shingoni mwa wanakondoo. Zornitsa alikuwa nazo tele mfukoni.

Uani, basi kuukuu la shule lilikuwa likinguruma. Nyuma yake mashine tatu zilipangwa mezani, kila moja ikivuta moshi wa ekzosi ile ile kwa mpira wake, bomba laini jembamba. Kazi ya mashine hizo ni kuhesabu chembe za masizi, zile ndogo zisizoonekana kwa macho lakini zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Mashine mbili zilikuwa za kiwandani. Ya tatu aliiunda mama kwa mikono yake, akiinyima usingizi nyumba nzima kwa miaka. Mhandisi Bozhidar alikuja kuzilinganisha. Mashine ya mama ikikubaliana na wenzake, ingetumika kukagua mabasi ya shule. Ikipotoka, safari yake ingeishia pale pale.

Wakubwa walipoingia ndani kunywa chai, Zornitsa alichomoa uzi, akaufunga kwenye mpira wa mashine ya mama. "Uwe na afya na wewe," akainong'oneza. Akakaza fundo ili lisifunguke.

Kipimo kilianza. Mashine mbili zilitoa namba zinazokaribiana. Ya mama haikufika hata nusu ya namba hizo. Wakarudia. Hali ikawa ile ile.

Kalin, mtoto wa mhandisi, akamsogelea Zornitsa. "Mashine yenu imeanza mfungo wa Pasaka nini? Wenzake wanakula moshi, yenyewe inaonja tu."

"Nyamaza wewe," alisema Zornitsa. Lakini macho yake yalikuwa yamefika kwenye mpira. Ulikuwa umelainika kwa joto la moshi, na uzi umeubana katikati kama kiuno cha nyigu.

Mkasi ulikuwa pale mezani. Angeweza kuukata uzi kimyakimya, na nani angejua?

"Dada Radosveta," alisema Bozhidar taratibu, "sina la kufanya. Siwezi kuipitisha."

Mama alifuta mikono kwa kitambaa, ingawa haikuwa michafu. "Basi ni mimi," alisema. "Kuna mahali nilikosea hesabu. Nisamehe kwa kukupotezea siku."

Zornitsa hakuweza kuvumilia tena. "Si wewe, mama. Ni mimi. Niliifunga martenitsa kwenye mpira wakati mnakunywa chai."

Mama akautazama mpira, akachukua mkasi, akakata uzi. Wakapima upya. Safari hii namba zote tatu zilikaribiana.

Bozhidar hakutabasamu. "Nimeona. Ila mashine yako ilikabwa koo ikaendelea kutoa namba kama kawaida. Iwekee kengele ya kulia mpira unapobanwa, na mimi nitaipitisha."

"Nitaiweka," alisema mama.

Wageni walipoondoka, Zornitsa alisubiri kugombezwa. Mama akaketi kwenye tairi kuukuu, akamvuta karibu.

"Ulikatazwa kugusa ukagusa. Kwa hilo utafagia uani peke yako hadi Pasaka. Sasa nisikilize, mwanangu. Mashine kubanwa koo si aibu, jambo hilo linaweza kuipata yoyote. Aibu ni kubanwa halafu ukatoa namba ya uongo kwa uso mkavu. Watoto wangepanda basi linalowaua mapafu huku sisi tukisema ni safi. Wewe ulipobanwa ulisema. Usingesema, mimi ningebomoa kazi nzuri, nikitafuta kosa ambalo halikuwapo."

Akaokota ule uzi uliokatwa, ukiwa mweusi kwa masizi, akaufunga kwenye mkono wa Zornitsa.

"Huu ndio mkono wa kufungwa," alisema. "Tena ningekuwa na kamba, ningefunga yote miwili."