Nilibadilisha Wimbo Tumaini Akiwa Hewani

Nina miaka thelathini na moja, mama wa mtoto mmoja, naishi Lyamkena hapa Makambako. Haya ninayosimulia nimeyabeba kifuani kwa muda mrefu... Mkinihukumu, mtakuwa na haki.

Nilikuwa msanii wa sarakasi. Kazi yangu ilikuwa kupanda kitambaa kirefu kilichoning'inizwa juu, kujiviringisha nacho, kisha kujiachia ghafla watu wapige mayowe. Tulifanyia mazoezi kwenye ghala la zamani la mbao, mimi na Tumaini, binti wa Kifanya niliyemfundisha mwenyewe tangu hajui hata kukishika kitambaa. Aliniita dada. Alikula kwangu, alivaa nguo zangu.

Mwaka juzi tukaalikwa kwenye maonyesho ya wakulima mjini Njombe. Tukahitaji onyesho jipya. Hapo ndipo shetani alipoingia!

Mimi nilitaka singeli, muziki wa mbio. Nguo za kumetameta, kasi, watu wapagawe! Tumaini akaja na simu yake, akanisikilizisha sauti ya mama yake akiimba wimbo wa Kibena wa kupalilia mahindi. Wa polepole, hauna ngoma, hauna kinanda...

"Dada, tushone nguo za kaniki kama mama shambani," akasema. "Tushuke taratibu, watu wanyamaze."

Mwalimu wetu wa kikundi akausikiliza mara moja tu, akaupitisha. Tena akamweka Tumaini mbele, mimi nyuma yake! Mimi niliyemfundisha! Nikacheka, nikampongeza... moyoni naungua.

Tulifanya mazoezi mwezi mzima. Tumaini hakuwa anahesabu kama mimi. Alifuata maneno ya mama yake: neno hili anajifunga pajani, neno lile anaachia mikono. Nililijua hilo kuliko mtu yeyote.

Siku ilipofika, baridi ya Njombe ilikuwa inauma, watu wamejikunyata kwenye makoti. Mama Tumaini alikuja kutoka Kifanya kusikia sauti yake ikitoka kwenye spika. Alikaa mbele kabisa, na kitenge kipya. Nikamsalimu, "Kamwene, mama," akanikumbatia kwa nguvu.

Na bado sikubadili nia! Nikamfuata fundi muziki wa kikundi chetu, nikampa flashi nyingine. Nikamwambia mwalimu ameagiza.

Nilifikiria nini? Kwamba Tumaini atababaika kidogo, mimi ning'are, watu wajue nani mkubwa. Haki ya Mungu, sikufikiri zaidi ya hapo.

Tulipofika juu, singeli ikalipuka. Tumaini akanigeukia, macho yamemtoka.

"Dada, siyo huu!"

Nikageuza uso, nikaanza kucheza. Uwanja mzima ukashangilia... Naye, maskini, akajaribu kunifuata. Mbio mbio. Pale pa kujifunga mara mbili akajifunga mara moja. Akaachia mikono.

Alianguka pembeni ya godoro la kutukinga. Mama yake alimfikia kabla yetu sote, na ule muziki wangu bado unapiga.

Nyonga ilivunjika. Na mimi? Nilisema fundi ndiye aliyekosea flashi! Alifukuzwa mbele yangu, ananitazama, nami nimeinamisha kichwa. Kuna unyama kuliko huo?

Ilinichukua miezi minane kufunga safari ya Kifanya. Nilimkuta Tumaini barazani, mkongojo kando, anachambua maharage. Nikapiga magoti, nikasema yote. Mama yake aliyekuwa mlangoni akaingia ndani, hakutoka tena. Tumaini akaendelea kuchambua... akachambua... hadi maharage ya ungoni yakaisha.

"Ungeniambia tu, dada," akasema. "Ungesema unataka kukaa mbele. Ningekupisha."

Ningekupisha! Heri angenitukana. Heri angenitemea mate!

Nilirudi Makambako, nikamsafisha fundi jina mbele ya kikundi chote. Wakanitimua, na walifanya vyema. Fundi amerudishwa kazini. Tumaini hajapanda tena, na daktari amesema asitegemee.

Wasomaji wenzangu, nawasihi... Ukiona umepitwa na uliyemlea, na roho inakuuma, mwambie mngali chini, uso kwa uso, hata kama ni aibu. Usiseme "ngoja nimwonyeshe." Mimi nilisema hivyo. Leo kila Jumapili nasimama kanisani kuomba msamaha kwa jambo ambalo neno moja tu, lililosemwa mapema, lingelizuia.